Tairi Jipya kwenye Rimu Iliyoliwa na Chumvi

Hapa Tanga, pikipiki inayobeba samaki kutoka Deep Sea au Kigombe kwenda Muheza huzeeka rimu kabla injini haijaanza kukohoa. Maji ya barafu yenye chumvi hudondoka kutoka kwenye tenga hadi kwenye gurudumu la nyuma, yakateremka kwa spoku, yakaingia kwenye matundu yake na kulala humo. Asiyebeba samaki naye hajasalimika, maana upepo unaovuma Raskazone na Sahare umebeba chumvi ile ile. Kutu inayozaliwa hapo huioni kwa macho, kwa sababu tairi limeifunika.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukushauri ujifunze kubadili tairi mwenyewe. Pesa utakayookoa ni ndogo. Fundi wa pancha pale kijiweni ana mikono myepesi kuliko yako na atamaliza kabla chai yako haijapoa. Ila yeye hulipwa kwa kumaliza. Hatapiga msasa rimu yako, hatazungusha beringi kwa kidole asikilize, wala hatatafuta spoku iliyolegea, kwa kuwa nyuma yako wanasubiri wateja wengine. Nyumbani una uhuru wa kuipoteza Jumapili nzima kwenye gurudumu moja, na ukishalifungua utaona mambo ambayo hakuna mtu angekuonyesha.

Ninazungumzia pikipiki zetu za kila siku: Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina, zenye tairi la tyubu, iwe rimu ni ya spoku au ya aloi. Kama yako ina tairi lisilo na tyubu, fanya kazi zote zilizomo humu isipokuwa kuvalisha. Tairi la namna hiyo linahitaji upepo mwingi wa ghafla wa kompresa ili kingo zake zikamate rimu, na pampu ya miguu haitaweza.

Kabla hujatoa pesa

Soma ubavu wa tairi lililomo sasa. La mbele huwa limeandikwa kitu kama 2.75-17, la nyuma 3.00-17 au 3.00-18. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Tairi la 17 haliingii kwenye rimu ya 18, hata muuzaji aape kwa jina la nani. Kisha hufuata namba na herufi, tuseme 47P. Hiyo 47 ni uzito, yaani tairi hilo linastahimili kilo 175. Lenye 50 linastahimili kilo 190. P ni mwendo, mwisho kilomita 150 kwa saa, na huko hutafika. Kwa mtu anayeteremsha magunia ya mkaa kutoka Maramba, namba ya uzito ndiyo ya kubishania dukani.

Kisha tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa kiduara, mara nyingi karibu na herufi DOT. Ukikuta 2322, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Umri huo una maana zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi, kwa sababu maduka mengi huning'iniza matairi nje, kwenye jua la saa saba, miezi na miezi. Omba lililo ndani. Likunje kwa mikono, uangalie kati ya kashata kama kuna nyufa nyembamba. Lenye nyufa lirudishe hata kama halijawahi kugusa barabara.

Chagua kashata kwa njia yako. Anayepanda Amani wakati wa masika anahitaji vifundo vikubwa vya kuuma udongo mwekundu. Anayeshinda kwenye lami ya Segera vifundo hivyo vitamvumia masikioni na kumtikisa mikono, na hakuna balansi itakayomwondolea mtikisiko huo.

Nunua tyubu mpya pamoja na tairi. Ya zamani imeshatanuka. Ukiirudisha kwenye tairi jipya hujikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapopasuka.

Inauma kidogo ukifikiri kwamba mpira wenyewe tunao jirani. Wajerumani waliupanda wilayani Muheza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpaka mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni na bei ikaanguka. Hata leo kuna shamba la mpira Kihuhwi, chini ya Shirika la Maendeleo ya Taifa. Lakini kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilishazima mitambo, na matairi ya pikipiki tunayonunua yanatoka India na China. Basi angalau tuyafunge vizuri.

Vya kuwa navyo

Mji huu umelelewa na baiskeli, na nyumba nyingi za Ngamiani tayari zina nusu ya vifaa. Utahitaji vyuma bapa vya kubandulia tairi, viwili au vitatu, vyenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na ncha za mviringo. Usitumie bisibisi. Najua kila mtu anaitumia, na ndiyo maana kila mtu anaziba tyubu mpya siku ileile aliyoinunua. Pata spana ya nati ya ekseli yako, tena ya ringi, kwa sababu ya mdomo itakula kona za nati iliyoshika kutu. Ongeza ufunguo mdogo wa kutolea pini ya valvu, pampu, na kipimo cha upepo. Kipimo usikiache, kubonyeza tairi kwa dole gumba hakukuambii kitu.

Vilivyobaki vimo ndani ya nyumba. Kata vipande vya dumu la mafuta ya kula, uvilaze kati ya chuma na rimu ili usiikwaruze. Koroga sabuni ya maji kwenye bakuli. Chukua poda ya mtoto, chaki, brashi ya waya, msasa, na tairi kuukuu la kulazia gurudumu ili diski au sproketi isigonge sakafu. Oili na grisi viweke mbali na tairi. Hula mpira, na tena hulifanya tairi liteleze juu ya rimu unapofunga breki, likivuta tyubu mpaka valvu inang'oka shinani.

Kulitoa gurudumu

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya sakafu ngumu. Uwanja wa mchanga, kama nyua nyingi za pwani, unataka ubao mpana chini ya stendi, la sivyo pikipiki itazama upande mmoja wakati umeshika gurudumu mikononi. Kwa gurudumu la mbele weka gogo au tofali chini ya injini.

Usiku wa kuamkia kazi, dondoshea nati za ekseli mafuta ya kulegeza kutu. Hata dizeli inafaa. Kesho yake zitafunguka bila ugomvi.

Nyuma, anza na nati ya waya wa breki, kisha bolti ya mkono unaozuia kifuniko cha breki kisizunguke. Fungua nati ya ekseli, legeza virekebisho vya cheni pande zote mbili, sukuma gurudumu mbele na uvue cheni. Ekseli ikitoka, vipande vidogo vya bomba vilivyo kati ya habu na mikono ya fremu vitaanguka. Vipange chini kwa mstari kama vilivyotoka, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, au vipige picha kwa simu. Vikigeuzwa, gurudumu litakaa upande na utalaumu tairi bure.

Mbele, angalia kile kidude cha spidomita kinavyoshikana na habu, kwani wakati wa kurudisha lazima meno yake yaingie kwenye nafasi zake. Kama mbele una breki ya diski, usibonyeze mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Chomeka kipande cha boksi kati ya pedi, na uwafukuze watoto.

Kulivua tairi

Toa pini ya valvu, upepo wote utoke, fungua na nati ya valvu. Sasa ukingo wa tairi umegandia rimu, na kwenye rimu yenye kutu umegandia kwelikweli. Kanyaga kwa kisigino karibu na rimu, ukizunguka. Ukikataa, azima pikipiki ya jirani: laza gurudumu chini ya stendi yake ya pembeni, stendi ikae juu ya tairi pembeni kabisa mwa rimu, kisha iegemeze pikipiki taratibu upande huo. Uzito wake utabandua ukingo bila kuharibu kitu. Geuza, ufanye upande wa pili.

Siri ya hatua inayofuata iko katikati ya rimu. Pale kuna bonde. Ukingo wa tairi una waya ndani na hautanuki, basi ili upande huu upite juu ya mdomo wa rimu, upande wa pili lazima uwe umezama bondeni. Pakaa sabuni, piga goti upande mmoja uubonyeze ndani, kisha anza na chuma bapa upande unaokutazama, karibu na valvu. Inua kidogo kidogo, sentimita tano tano. Ukiona unatumia nguvu nyingi, simama: ule upande wa goti umetoka bondeni. Hakuna tairi la bodaboda linalohitaji misuli.

Ukingo wa kwanza ukitoka, vuta tyubu. Wa pili mara nyingi hutoka kwa mikono.

Tafuta mwizi kwanza

Kama ulikuwa na pancha, jaza upepo kidogo kwenye tyubu ya zamani, utafute tundu, uilinganishe na tairi ujue mahali pa kuangalia. Kisha pitisha pamba au kipande cha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga, waya mwembamba, kipande cha gamba la chaza ulichookota pale boti zinapopakuliwa, kitanasa nyuzi kabla hakijanasa kidole chako. Hata kama tairi hilo unalitupa, fanya hivyo. Tundu lililo upande wa ndani wa tyubu, ule unaogusa rimu, linakuambia kwamba mhalifu hakutoka barabarani. Ni spoku.

Sasa igeukie rimu, na hapa usiharakishe.

Vua utepe uliofunika vichwa vya spoku. Pwani utaukuta umeoza, au haupo kabisa kwa kuwa fundi aliyepita aliutupa. Chini yake kutakuwa na vumbi la kahawia na magamba ya kutu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka ufikie chuma, kisha msasa. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi (hapa ndipo kazi yake) kuzunguka kila tundu la spoku. Ikizama, au ukiona ufa unaotoka kwenye tundu, rimu hiyo imekwisha na usiifunge tena, hasa ya mbele. Kama ni kutu ya juu tu, isuuze kwa maji matamu, ikauke vizuri, uipake redoksaidi koti mbili nyembamba. Zinahitaji usiku mmoja kukauka. Kwa hiyo mpango mzuri ni kuvua Jumamosi jioni na kuvalisha Jumapili.

Spoku iliyochomoza kupita nati yake ipigwe tupa mpaka iwe sawa na nati. Kisha gonga spoku zote moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Mbili tatu zilizolegea unaweza kuzikaza mwenyewe, robo mzunguko kila moja. Zikiwa nyingi, au rimu ikiwa imepinda, mpelekee fundi baiskeli. Wazee waliokaa miaka mingi Ngamiani wakinyoosha rimu za baiskeli wanasoma gurudumu vizuri kuliko gereji nyingi za pikipiki, na kazi ni ileile, spoku tu ndizo nene zaidi.

Utajuaje imepinda? Rudisha gurudumu tupu kwenye ekseli, funga kijiti kwenye shokapu ncha yake ikaribie mdomo wa rimu, zungusha. Kama nafasi kati ya kijiti na rimu inabadilika kwa zaidi ya milimita 2, pembeni au juu na chini, inyooshwe kabla ya tairi kuingia. Rimu iliyopinda haibalansiki.

Utepe mpya usikusumbue: kata mkanda mwembamba kwenye tyubu kuukuu, toboa tundu la valvu, uuvalishe. Mwisho ingiza kidole kwenye kila beringi ya habu na uzungushe. Ikikwaruza kama kuna mchanga, ibadili leo. Maji ya chumvi huingia huko pia, na beringi iliyokufa hutikisa usukani kwa namna ambayo wengi hudhani ni tairi.

Kuvalisha

Tafuta mshale ubavuni unaoonyesha mwelekeo wa mzunguko. Tafuta pia nukta ya rangi, mara nyingi ya njano. Kiwanda huiweka pale tairi lilipo jepesi, na kwa kawaida huwekwa pale pale valvu ilipo, kwa kuwa valvu huongeza uzito kidogo upande wake. Matairi ya bei nafuu mengi hayana nukta. Si neno, tutalitafutia njia.

Ukingo wa kwanza utaingia kwa sabuni na viganja. Nyunyiza poda ndani ya tairi na juu ya tyubu ili zisigandane. Jaza tyubu upepo kidogo sana, ipate umbo tu, uiingize, uchomeke valvu na kuifunga nati mizunguko miwili mitatu bila kukaza.

Ukingo wa pili uanzie upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu. Wengi hufanya kinyume. Ukimalizia mbali, ukingo wa upande wa valvu unazuiwa na shina la tyubu na hauwezi kuzama bondeni, basi unalazimisha kwa chuma, na chuma kinabana tyubu. Magoti yako yashike sehemu iliyokwisha kuingia isitoke. Sentimita chache za mwisho ndizo zinazoua tyubu: pakaa sabuni tena, inua chuma kwa pembe ndogo, usikisukume ndani kupita mdomo wa rimu. Baada ya hapo sukuma valvu juu kwa kidole kisha uiachie. Ikirudi kwa wepesi, tyubu haijabanwa chini ya ukingo.

Sasa kukalisha. Karibu na rimu, tairi lina mstari mwembamba ulioinuka, unaolizunguka lote. Jaza upepo mpaka usikie kingo zikipanda, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Toa upepo wote, ujaze tena, ili tyubu ikunjue mikunjo yake. Kisha zungusha gurudumu na uangalie mstari ule pande zote mbili. Umbali wake kutoka kwenye rimu lazima uwe mmoja kote. Mahali unapozama, tairi halijakaa. Toa upepo, pakaa sabuni pale, vutavuta kwa mikono, jaza tena. Rudia mpaka ukubali.

Nasisitiza hapa kwa sababu malalamiko mengi ya tairi kukosa balansi chanzo chake ni mstari huu. Tairi lililokaa upande huruka juu na chini kila mzunguko, na ukilipachika risasi za kusawazisha kufunika kosa hilo utakuwa umeongeza uzito bila kuondoa mruko.

Balansi, na nani anaihitaji

Chukua tairi la inchi 17 lenye gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa rimu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gramu hizo huvuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo mbili na nusu, juu na chini, mara 12 kila sekunde. Punguza mwendo hadi 40 na nguvu hiyo inashuka hadi robo, kwa kuwa inakua kwa mraba wa mwendo. Maana yake ni kwamba anayezunguka barabara za namba za Ngamiani kutwa nzima hatagundua kama tairi lake lina balansi au halina. Anayekwenda Horohoro, kilomita 65 za lami nzuri, atalihisi viganjani kabla hajafika nusu ya njia. Gurudumu la mbele ndilo la kushughulikia. La nyuma, kwa mwendo wetu, mimi huliangalia kwa adabu tu.

Mtikisiko wenyewe una lugha yake. Ukianza kwenye mwendo fulani na kuongezeka unavyokaza, ni balansi. Ukiwepo hata kwenye mwendo wa mtu anayekimbia kwa miguu, rimu imepinda, tairi halijakaa, au beringi imekufa.

Pitisha ekseli kwenye gurudumu na uiegemeze juu ya stuli mbili au viti viwili vya kimo kimoja, gurudumu lining'inie katikati bila kugusa kitu. Toa kifuniko cha breki chenye breki shuu na kidude cha spidomita ili visilizuie kuzunguka. Msukumo mdogo tu, kisha liache lisimame lenyewe. Piga chaki sehemu ya juu kabisa. Rudia mara tatu nne. Likisimama kila mara mahali tofauti, hongera, kazi imekwisha. Alama ile ile ikirudi juu kila mara, basi chini yake ndiko kuzito, na uzito wa kusawazisha unakwenda kwenye chaki.

Jaribu hili pia kabla ya kuvalisha tairi, na rimu tupu. Rimu nyingi za chuma zina mshono wa kuchomelea, mara nyingi upande unaotazamana na valvu, na kwa baadhi mshono ndio mzito kuliko valvu. Ukijua rimu yako inaelemea wapi, utaweka nukta ya njano hapo.

Risasi za kubandika zinauzwa maduka ya vipuri, na kwa rimu ya aloi hizo ndizo zinazofaa. Futa kwanza kwa tina ili zishike. Kwa rimu ya spoku, pwani tuna kitu bora zaidi na cha bei ndogo: chubwi za mishipi ya wavuvi. Nunua ndogo ndogo za uzito mbalimbali, uzipime kwa mizani ya dukani. Bandika moja kwa selotepu kwenye alama, kisha geuza gurudumu ili alama ikae usawa wa ekseli, uachie. Ikishuka umezidisha, ikipanda umepunguza. Ukipata inayotulia mahali popote unapoiacha, ipasue kwa kisu, uivalishe kwenye spoku karibu na nati, uibane kwa koleo na kuifunga kwa waya laini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, risasi ni sumu. Na usiiyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani.

Gramu 10 hadi 30 ni kawaida. Ukifika 60 na bado haitulii, acha kuongeza. Toa upepo, zungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, likalishe upya na upime tena. Mara nyingi hesabu hushuka ghafla.

Kama una mazoea ya kutia dawa ya maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu, balansi kwanza, dawa baadaye. Kimiminika hukimbilia chini gurudumu likisimama, na juu ya stuli kitakudanganya kila mara.

Kurudisha

Paka ekseli grisi nyembamba, urefu wake wote. Kwenye hewa ya chumvi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuitoa tena mwakani. Vipande vya bomba virudi kwa mpangilio wake. Nyuma, vuta virekebisho vya cheni sawasawa. Cheni ikishikwa katikati upande wa chini ichezecheze sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Alama zilizochongwa karibu na ekseli usiziamini peke yake. Vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uone kama magurudumu yamenyooka. Kaza nati ya ekseli, kaza bolti ya mkono wa breki, weka kotapini mpya. Ya zamani ikishakunjwa mara mbili hukatika, na nati iliyoachwa bila kotapini ikianguka njiani hutapata muda wa kujuta. Bonyeza breki zote mara kadhaa kabla hujapanda.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Stika ya pikipiki yako ndiyo yenye neno la mwisho, lakini pikipiki nyingi za namna hii hutaka PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Ukipima mchana baada ya safari utakuta imepanda. Iache, imepanda kwa joto na kiwanda kilishalihesabu. Wanaotoa upepo mchana ili tairi "lipumue" huendesha jioni tairi laini, na tairi laini lenye mzigo huchemka ubavuni mpaka nyuzi zake zinaachana.

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo kwa kilomita 100 za kwanza kona uzichukue taratibu, na mvua ikinyesha taratibu zaidi. Wiki ikiisha gonga spoku tena, hasa ulizozikaza, na ujaribu nati ya ekseli kwa spana. Mwenye kubeba samaki amwagie gurudumu ndoo ya maji matamu kila jioni, na chini ya tenga atandike mpira unaoelekeza maji pembeni. Tyubu ya zamani ikatwe mikanda: mmoja uwe utepe wa rimu wa safari ijayo, iliyobaki ifungie mizigo.